Funguo za Mama wa Kisimani

Kwako Solange, uliyekuwa mpenzi wangu,

Nilitaka kuanza kwa kukuuliza habari za Kisangani na masomo yako, lakini kila nikianza hivyo naona nadanganya. Nakuandikia kwa sababu nina wivu. Namwonea wivu huyo Trésor, sauti yake, na jinsi unavyocheka kabla hajamaliza kusema.

Mjomba wako ndiye aliyeniingiza katika kikundi chenu cha kwenye simu, mnamobishana juu ya michezo ya video, ile ya dunia iliyoangamia kwa vita. Maandishi yenu ya Kifaransa yananishinda, unajua shule yangu iliishia wapi. Lakini sauti nazisikiliza mchana tukipumzika, nimeegemea tanuru la matofali, mikono imejaa udongo. Mnabishana kama mchezo wa zamani uliundwa vizuri kuliko huu mpya. Mnabishana kama ramani kubwa yenye jangwa tupu inashinda ramani ndogo yenye watu. Siku moja ulimwambia Trésor, mbele ya wote: "Weye tu njo unaelewa hii michezo." Niliirudia sauti hiyo mpaka simu ikazimika.

Maneno hayo zamani uliniambia mimi, Solange.

Unakumbuka nilivyofika Bunia? Nimetoka Butembo kutafuta kazi, simjui mtu, nikaingia katika chumba cha michezo cha mjomba wako kuchajisha simu. Weye ulikuwa mbele ya televisheni, unaua mazimwi bila kupepesa jicho. Ulisema bila kugeuka: "Wa Butembo, unasimama pale sawa mulango. Kaa!" Sikujua umejuaje nimetoka wapi. Nilikaa.

Tangu hapo nilikuja kila nikitoka kazini. Mimi nilishika manette, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, nikatembea, nikapiga, nikajenga kuta. Weye ulisoma Kifaransa kilichopita chini ya picha na kunipa kwa Kiswahili. Na tulibishana! Nilipoona duka lililovunjwa, makopo ya chakula bado yamepangwa, nilikasirika kweli.

"Vita imepita, na makopo iko tu mu duka? Batu walitengeneza hii hawajaona vita."

"Ni mchezo, weye! Wakiondoa makopo, utakula nini?"

"Nitalima muhogo."

"Aah! Nani atanunua mchezo ya kulima muhogo?"

Waliokuwa wakingoja zamu yao waligawanyika, wengine upande wako, wengine wangu. Mmoja aliuliza mabati ya nyumba zile yamebaki juu kwa nini, kwa sababu kwao Djugu mabati ndiyo yaliyotangulia kuondoka. Wote walicheka. Kulikuwa kumetulia wakati ule, kule kutulia kwetu: unacheka huku sikio moja liko barabarani. Mjomba wako akisikia habari mbaya za upande wa Iga Barrière, alizima jenereta na kutufukuza jua likiwa bado juu.

Lakini tukifika, mle ndani ya mchezo, kwa mama wa kisimani hatukubishana. Mama mzee, kitambaa kichwani, ameketi kando ya kisima kilichokauka. Nilikuwa nimeshakuambia jinsi mama yangu alivyokimbia kwetu: alifunga nyumba, akampa jirani ufunguo, na hakumwona jirani huyo tena. Kisha tukamkuta huyu. Ulimsoma polepole. Ulisema anatunza funguo za wote waliokimbia, amezifunga katika pindo la nguo, kila moja na uzi wake. Ulisema anamwuliza kila mpita njia: "Nyumba yako ilikuwa ipi, mwanangu?"

Nilipita kwake kila siku hata bila kazi ya kunipeleka kule. Na kila siku alikuwa na neno jipya. "Leo anauliza kama umekula," uliniambia. Siku nyingine: "Anasema umekonda, hiyo kazi ya matofali itakumaliza."

Juma lililopita mlikuwa mnabishana ni mtu gani ameundwa vizuri kuliko wote katika mchezo ule. Trésor alimchagua mkubwa wa majambazi, yule mwenye taya la chuma. Ukakubali haraka. Sikuvumilia. Nikatuma sauti yangu ya kwanza: "Munamusahau mama ya kisima. Ule mwenye kutunza funguo ya batu."

Trésor akajibu: "Funguo gani, ndugu? Ule mama anauzisha risasi tu. Maneno yake njo mbili: nunua, ao enda!"

Walicheka wengi. Mmoja akatuma mlio wa mbuzi. Weye, uliyekuwa umesema tangu asubuhi, ukanyamaza.

Nilikwenda kwa mjomba wako, nikacheza mpaka kisimani, nikamwomba anisomee. Akavaa miwani, akasogea karibu na televisheni. "Anasema iko na risasi ya kila bunduki." Nikambonyeza tena yule mama. "Anasema enda." Mjomba wako akanigeukia: "Weye ulifikiri anasema nini?"

Niliweka manette chini, nikatoka.

Kesho yake nilibeba matofali kwa hasira. Nilijiona mjinga uliyemchezea mwaka mzima, na nikawaza labda ulishacheka na Trésor juu yangu. Lakini kama ungemwambia, Trésor asingeuliza funguo gani. Hakujua. Hakuna anayejua maneno uliyonitungia. Nilisimama na mzigo kichwani mpaka mwenzangu akapiga kelele kwamba nimeziba njia.

Mnabishana kila siku nani anajua kuunda dunia. Weye uliketi kwenye benchi la mjomba wako ukamtafutia mama yangu mahali pa kukaa, na funguo zake, na hukuniambia.

Wivu haujaisha. Jana nimekusikia tena ukicheka naye, na kifua kimeniuma vilevile. Yeye anasoma mwenyewe, hahitaji umsomee, na labda kwa hiyo mnaendana. Sina la kufanya. Sitakuomba urudi Bunia. Huku hata mimi siku nyingine najiuliza nabaki kwa nini.

Naomba kitu kimoja tu. Mkicheza pamoja, mpe yote, mabishano na makopo na kicheko. Lakini mkifika kisimani, akikuuliza yule mama anasema nini, msomee kilichoandikwa tu, zile funguo zibaki zetu.

Kaa vizuri, Solange.

Mimi, wa Butembo, uliyekuwa ukinisomea.