Nguo Aliyoikataa Baba

Chandrakona, Bengali
9 Septemba 1884

Mpendwa kaka Umesh,

Shikamoo. Nagusa miguu yako kutoka huku mbali. Kifua kimepona? Baridi ya Manchester imeshaanza? Na masomo yanakwendaje? Sisi huku wazima, isipokuwa Baba. Alifariki Jumanne iliyopita kwa homa. Naandika hivi moja kwa moja kwa sababu sijui namna nyingine.

Unakumbuka alivyokuwa akiwachosha wageni. "Nawabu, mtawala wetu wa zamani, alikula kodi yetu, lakini alikula hapahapa, na makombo tuliyapata. Hawa Waingereza wanakula kwetu, wanakwenda kushibia kwao." Na pamba je? "Inatoka hapa uchi, inarudi imevaa, halafu inatudai nauli." Walimcheka, naye hakujali. Tangu ulipoondoka hakuvaa tena nguo ya viwanda vya Waingereza. Alivaa ya Nidhiram mfumaji tu, mpaka ikawa viraka vitupu.

Maiti huvikwa nguo mpya, unajua. Baba mdogo Tarini akakimbilia kwa Nidhiram. Akakuta kitanda cha kufumia kimeshauzwa kuni, na mwenyewe yuko barabarani anavunja kokoto. Akapitia sokoni, akarudi na jora jeupe. Mama akauona muhuri wa buluu pembeni.

"Tarini, hii ya wapi?"

"Shemeji, sokoni hakuna nyingine."

"Nimekuuliza ya wapi."

Baba mdogo akaufunika muhuri kwa kiganja.

"Alipokuwa na mdomo aliikataa. Leo mnamvika kwa kuwa hawezi kusema?"

Kuhani akanung'unika kwamba nguo kuukuu ni makosa. Mama akamwambia makosa hayo aandikiwe yeye. Basi tukamchoma Baba na viraka vyake. Moto niliuwasha mimi, kwa kuwa wewe mkubwa hukuwepo.

Sikulia. Mpaka leo sijalia, na mke wangu Khiroda ananitazama kama mgonjwa. Nakula wali wa msiba usio na chumvi, wala sioni tofauti.

Jora likabaki. Mtoto wa marehemu lazima avae nguo mpya isiyoshonwa mpaka matanga yaanuliwe, na nyingine hakuna mjini. Kwa hiyo nimeivaa mimi. Muhuri umekaa kiunoni, na nikioga mtoni hautoki. Mama hunipita bila kunitazama.

Baba mdogo na Khiroda wanakusalimu sana. Mama pia, ingawa hajasema. Msalimie Nilmani mnayekaa naye.

Na wewe unapaswa kuivaa, kaka, mtoto wake wa kwanza. Nilianza kukukatia kipande nikutumie. Kisha nikausoma tena ule muhuri, nikaweka mkasi chini. Umeandikwa Manchester. Utaipata hapohapo ulipo, tena kwa bei nafuu.

Mama Durga, mungu wetu, akukinge na baridi ya huko.

Mdogo wako akupendaye,
Jogesh