Ulivyonitoa Kwenye Mstari

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha mikate,
Ghorofa ya pili.
Jumanne, 11 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Hamjambo huko? Wifi yangu mguu umepona? Watoto wanaendeleaje na shule? Sisi hatujambo. Shemeji yako anakohoa kidogo, ila akiwekewa sahani mbele yake kikohozi kinaisha. Mama ni mzima, anakusalimu, na anauliza kama bado unavaa lile sweta lililotoboka. Salamu zimekwisha. Sasa tuzungumze mimi na wewe.

Nimekukasirikia. Tangu Jumapili sijapoa. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeanza kulia, na wewe ukilia mimi hulainika. Mama anasema hasira hasara. Basi na nipate hasara.

Wiki mbili zilizopita uliniomba namba yangu ya mashindano. Ulisema unataka kunifuatilia, uone nimefika kilomita ya ngapi. Nilifurahi mpaka nikajionea haya. Miaka minne natembea nusu marathoni, nimeshatembea miji mitatu, na hapa nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza hata nimekuwa wa ngapi. Kazini, pale tunapofua mashuka ya hospitali, wananiita Bata kwa jinsi kiuno kinavyocheza. Mama anasema mtu mzima hatembei hivyo mbele za watu. Nikajiambia, afadhali, yupo mmoja. Nikakupa: mia tatu kumi na saba.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!

Nilikaa kwenye basi kwa muda wa saa tisa. Asubuhi nikapaka mafuta vidole vya miguu, nikafunga kamba za viatu mara mbili, nikaenda kujipanga. Tulikuwa watembeaji arobaini na mmoja. Waamuzi walikuwa na vibao vyao vya njano, wale wanaochungulia magoti yetu, maana ukikunja goti, au miguu yote miwili ikiachana na ardhi, wewe si mtembeaji tena, ni mkimbiaji, unatolewa. Zimebaki dakika nane, kipaza sauti kikaita mia tatu kumi na saba, fika kwenye hema la daktari.

Kule nikaambiwa familia yangu imepiga simu. Eti mimi ni mgonjwa wa moyo, nimetoroka nyumbani, presha yangu ni mia na sabini. Mia na sabini! Ndiyo, nilikutajia mwenyewe, mwezi wa kwanza, siku ile mashine ya kufulia ilipomwaga maji sakafu nzima na msimamizi akanishukia mimi. Siku moja tu! Kesho yake ilikuwa mia na ishirini na nane, na hiyo pia nilikwambia. Mbona hiyo hukuwasimulia?

Daktari, binti mpole, akasema, "Mama, ngoja nikupime, ikiwa sawa utatembea." Sasa niambie wewe mwenye akili. Mtu ameitwa mgonjwa mbele ya umati, ameambiwa aliyemchongea ni ndugu yake wa tumbo moja, presha yake itakuwa ngapi? Ilipanda mpaka mashine ikapiga kelele. Binti akatikisa kichwa, akanibandua namba kifuani. Filimbi ya kuanza niliisikia nikiwa kwenye kiti cha plastiki.

Nikatoka nikakaa ukingoni mwa barabara, nikatazama migongo ya wenzangu ikienda. Alikuwepo yule fundi saa mwembamba ambaye mwaka jana, kwenye mji ule wa vilima, nilimpita kilomita ya kumi na tisa. Akanipungia mkono, akidhani nimechelewa. Nililia, mdogo wangu. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili analia barabarani, watu wanampita na mikoba yao ya sokoni.

Halafu nikainuka. Nikaifuata njia yote peke yangu, pembeni, nikisubiri taa za magari na kuwapisha wenye mikokoteni. Kilomita ishirini na moja. Hakuna mwamuzi aliyenitazama, na goti sikukunja hata mara moja. Nilipofika walikuwa wanakunja hema. Yule binti akanikalisha, akanipima tena bila mimi kumwomba. Mia na ishirini na sita. Akasema, "Samahani sana, mama." Yeye ameomba samahani. Wewe je?

Usidhani sijui kwa nini ulifanya hivyo. Ile simu ya kifo cha dada yetu mkubwa ulipigiwa wewe, ukiwa mbali, na mazishi ukayakosa. Tangu hapo kila Jumapili unaniuliza presha kabla ya kuniuliza habari. Lakini dada, Mungu amrehemu, moyo ulimsimama akiwa amekaa. Daktari alimwambia atembee. Sisi wote, na mimi nikiwemo, tukamwambia pumzika dada, kaa, tutakuletea. Tukamletea kila kitu mpaka akafia kitini. Mimi nilianza kutembea mwezi ule ule tuliomzika. Hukuwahi kuniuliza kwa nini, nami nikanyamaza. Sasa unataka kunikalisha na mimi?

Mwezi wa sita kuna nusu marathoni ya watembeaji mjini kwako. Nimeshajiandikisha. Nitafikia kwako, wifi asijisumbue, godoro la sakafuni linanitosha. Ndani ya bahasha hii kuna cheti cha daktari wangu. Kisome, na ukishikwa tena na hamu ya kupiga simu, mpigie aliyekiandika.

Nisalimie wifi, uwasalimie na watoto, uwaambie shangazi yao anakuja. Msalimie na yule kinyozi rafiki yako anayependa kunitania. Mungu akupe afya, akuondolee na woga huo.

Siku hiyo usikae ndani. Njoo usimame barabarani, kilomita ya kumi na tano, pale miguu inapoanza kukataa, na chupa ya maji. Nikipita usiniulize presha. Niambie tu, twende dada.

Ni mimi ninayekupenda na hasira zangu zote,
dada yako, yule uliyebaki naye.