Koti ya Baba ya Mamba

Mantapala, kiisha mvua ya kwanza

Bibi yangu, Mama Ilunga,

Kama hii barua inafika kwako huko Moba, ni kusema ule mama ya chumvi mwenye anapitia Pweto hakuifungia karanga ndani. Mugongo yako namna gani? Ule jogoo yangu angali anawika, ao ulimukula ukasingizia mwewe? Mimi niko muzima. Meno yangu ya juu na ya chini balisha kuachana, hakuna tena yenye inakutana na mwenzake. Binti ya pasta mwenye anakusomea, asome yote. Akifika mahali pa matusi asijifanye anakohoa, juu njo barua yenyewe.

Nakuandikia juu ya Feza, mutoto ya Ilunga, mujukuu yetu na, kwa utani ya kambo na mujukuu yake, mukemwenzi yako. Nimepoteza kazi, lakini ile haiko sababu ya kukusumbua. Nimepoteza Feza, na ni wewe tu unaweza kunirudishia.

Nianze mwanzo. Unajua nilikuwa mulinzi ya chumba ya baridi ya koperative ya bavuvi kule Kashikishi, huku Zambia, penye banaweka samaki mbele lori ifike. Mimi inje, kwa kiti. Feza ndani ya bilo, ofisi yao, kwa ordinatere, ile kompyuta. Asubuhi akipita mbele yangu:

“Wewe bwana yangu ya kuoza, ungali unapumua?”

“Napumua juu ya kukuchosha, muke mubaya. Ile bukari ya jana uliipika na mchanga ya wapi?”

“Ya kaburi yako. Nilisha kuanza kuchimba.”

Bamama ya soko, ba Zambia bale, banacheka, banasema ba Kongo hawana adabu. Lakini mutoto ya mutoto yako asipokutukana, nani atakutukana na mapendo?

Sasa sikia. Ile baridi inaangaliwa na programu moja, na ile programu ni ya bule, haina mwenyewe. Batu ya inchi mingi banaitengeneza, kila mutu kwake, hakuna mwenye analipwa, na banagombana kwa maandishi muchana muzima kama bake ya bwana moja. Feza alikuwa mumoja yao. Alirekebisha kidogo hapa, kidogo pale, bakamujua.

Ile programu iko na mudomo. Kila kintu inafanya, inaandika mustari: mulango imefunguliwa, baridi imefika hapa, umeme imeenda. Ile maandishi banaita logi. Na ule mudomo, hakuna mutu anajitengenezea. Unachukua yenye bengine balisha kutengeneza, banaita maktaba, hata kama hakuna kitabu ndani. Yetu ilikuwa ya zamani. Sura mubaya, pole pole, lakini inaandika mustari, inaiweka chini, njo inagusa kintu ingine. Inahesabu makosa kama wewe.

Na ilisha kuniokoa mara moja. Samaki ililegea, Ba Chanda, mukubwa ya koperative, akanishika shati mbele ya batu: “Bashikulu, muzee, mulizima mashini mukalala.” Feza akafungua logi. Iliandikwa: umeme imekatika, swichi ingali imewashwa. Juu mashini iko na betri kidogo, inaipa wakati kidogo ya kuaga, na ule mudomo ya zamani iliutumia kusema ukweli. Ba Chanda akaachilia shati. Kifungo yangu iliruka, hajairudisha mpaka leo.

Kiisha ikakuya maktaba mupya. Muzuri, mwepesi, bavijana bote ya zile inchi bakaipenda kama bibi arusi. Lakini yenyewe inakusanya mistari ndani ya shavu kwanza, kiisha inatema yote pamoja. Umeme ikikatika mbele ya kutema, inakufwa na maneno ndani ya kinywa. Feza akaona hatari mbele ya batu bote. Hakuomba baikatae. Kulikuwa standadi yenye balikuwa banaandika, kanuni ya kufuata kila maktaba ya logi yenye inataka kuingia, na yeye aliomba mustari moja tu ndani yake: neno ya umeme na ya baridi iwekwe chini kwanza, mbele ya kazi ingine yote.

Bakamujibu: “Kwetu umeme haikatiki.”

Basi. Njo jibu yote.

Mwenye kushika funguo ya ile mulango alikuwa muzungu moja. Yeye asipokubali, hakuna kintu inaingia. Jina yake siijui, juu kwa screen hakukuwa uso, kulikuwa picha ya mamba mwenye kufungua kinywa. Nilikuwa nimesimama kwa mugongo ya Feza na kikombe ya munkoyo.

“Huyu nani?”

“Mukubwa yao, kambo. Yeye njo anakubali ao anakataa.”

“Na sisi ni ukoo gani?”

“Ba Samaki.”

“Mutani ya Samaki ni nani?”

Akaangalia ule mamba. Kiisha akaanza kucheka. “Kambo, ni picha tu. Bazungu banaweka picha yoyote.”

“Hakuna mutu anavaa mamba kwa uso bule. Mutani hakasirike, na mutani hanyimi. Unamuomba na pole kama mugeni, njo maana anakunyima. Mutukane.”

Akamuandikia mbele ya bote: “Wewe Mamba, mimi Samaki nakuambia, ulimeza kanuni yangu ukalala juu yake na tumbo kubwa. Itapike.” Bengine bakaogopa. Mamba akajibu: “Samaki mwenye kelele anaonekana upesi.”

Uliona? Damu ya utani haiulize ngozi. Toka ile siku, mu mabishano yote, Mamba akawa anauliza: “Na Samaki anasema nini?” Feza akisema, banasoma. Benye balikuwa banamupita kama kiti bakaanza kumuomba maoni. Mustari yake ikaingia kwa karatasi ya kupigia kura, na mutoto yetu akacheza ndani ya bilo na beseni kwa kichwa. Nilimuambia anacheza kama bata mwenye kumeza mufupa. Akanirushia beseni.

Mbele ya kura, Mamba akaandika kwamba baba yake alikufwa, kura ingojee mazishi. Bote bakaandika pole. Pole hii, pole ile, pole ndefu kama bandeji. Feza naye alisha kuandika yake.

“Futa,” nilisema.

“Kambo, mutu amefiwa.”

“Njo saa ya mutani. Mutani akikuya kwa kilio na pole, ni kusema hakumujua marehemu. Muombe koti ya muzee.”

Wewe unakumbuka mazishi ya kaka yako. Ba Mamba balilala ndani ya kaburi, bakasema hawatoki mpaka bapewe kuku, na ule munene akasema shimo ni muzuri, afazali kaka yako atafute ingine. Ulikuwa unalia tangu asubuhi, ukacheka mpaka kitambaa ikaanguka kwa kichwa. Njo siku ile ulikula. Feza alikuwa angali mudogo, lakini aliona. Akafuta pole yake.

“Kambo, uko na hakika?”

“Nimezika batu kupita nywele zako.”

Akaandika, na mimi nilisimama pale: “Mamba, pole ni ya bageni. Baba yako alikula samaki yetu maisha yote, sasa ni zamu ya funza. Wacha kulia kama kenge. Tutumie koti yake, na utie mustari yetu mbele ya wewe pia kukufwa.”

Kwetu, Mama Ilunga, ile maneno ingeleta kuku.

Kwao ilileta mvua ya mawe. Moja akauliza kama huyu ni mutu ao ni ugonjwa. Mwingine akasema alikuwa anamuona vile tangu zamani, na ule mwongo mwenyewe alikuwa anamuomba Feza musaada kila juma. Feza akaeleza utani, ukurasa muzima, na ukoo, na kaburi, na kuku. Bakamujibu na adabu mingi kwamba banaheshimu mila ya kila mutu. Kiisha bakafunga jina yake inje. Kazi yake yote ikabaki ndani, inatumika mpaka leo. Mikono balichukua, mutu balitupa.

Mamba mwenyewe alimuandikia barua moja ya pembeni. Ilisema: “Koti ya baba ilikuwa mubaya, hata umasikini ingeikataa. Nilicheka, na ile juma hakuna mwingine alinichekesha. Lakini kanuni ya kufukuza batu niliiandika mimi, na siwezi kuivunja juu ya mwenye alinichekesha.” Mutani ya kweli, unaona, na muoga ya kweli pia. Mamba mwenye meno ya kuazima.

Kura ikapigwa. Mustari yetu ikafutwa, juu haikuwa tena na mutu ya kuisimamia. Maktaba mupya ikapita, na mwenye aliipitisha alikuwa ule mwenye aliandika pole ndefu kupita bote na picha ya maua. Kiisha ikakuya yenyewe mpaka Kashikishi, ndani ya mashini yetu, bule, kama malaria.

Sasa mimi. Siku ya posho, kiisha bilo kufungwa, umeme ya chumba ya baridi ikakatika. Waya yetu iko peke yake, kwa soko kulikuwa mwanga na muziki, hakuna mwingine aliona. Ba Chanda alikwenda ndoa huko Mansa, telefone ilizimwa. Feza alikuwa hapa Mantapala kwa shamba. Nilitundika magunia yenye kulowa maji kwa mulango, nikakalia kizingiti mutu asifungue, nikaimbia bale samaki nyimbo ya kilio. Umeme ikarudi kesho yake, mangaribi. Ba Chanda akarudi, akafungua mulango, akafunga pua.

Akaita bote. Akamuita Feza kwa ordinatere.

“Logi inasema nini?”

“Inasema baridi ilikuwa muzuri. Kiisha haisemi kintu. Kiisha mashini imewaka.”

“Ni umeme ao ni muzee?”

Mama Ilunga, Feza aliniangalia. Anajua mimi. Anajua siwezi kuzima hata moto ya jirani. Na anajua, kupita mutu yeyote ya hii dunia, ule mustari ilikufwa ndani ya shavu ya nani, na nani alimuambia aombe koti.

“Logi haina kintu,” alisema. “Mimi siwezi kusema kintu yenye haikuandikwa.”

Ba Chanda akanifukuza pale pale. Kiisha akaamuru nibebe ile uozo mwenyewe mpaka kwa shimo, kwa kichwa, na kupita katikati ya soko juu bote baone. Maji ya samaki ilinishuka kwa shingo mpaka kwa kaptula. Bamama bakajipanga kando ya njia.

“Bashikulu, hii marashi munauza wapi?”

“Hii ni ya bwana yako, mayo, alinituma nikuletee.”

“Muzee, inzi banakusindikiza kama chifu.”

“Banajua damu ya kichifu. Wewe hata inzi alikukataa.”

Nilirudi mara mingi juu samaki ilikuwa mingi, na kila safari balikuwa na neno mupya na mimi nilikuwa na jibu mupya. Ba Chanda alitaka nione aibu. Masikini, hakujua alinipa arusi. Mutu mwenye anatukanwa vile angali ndani ya batu.

Mara ya mwisho nilipita mbele ya bilo. Feza alisimama kwa mulango. Nikatua beseni, nikajipangusa macho, nikangoja. Nilijua tusi itakuwa kubwa. Nilisha kutengeneza na jibu, juu ya miguu yake.

Akasema: “Pole na kazi, baba.”

Baba. Kama unamuambia mutu mwenye anauliza njia.

Toka ile siku niko hapa Mantapala, napalilia mihogo. Anakuya kila juma. Ananiletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, haina mchanga hata kidogo. Anapiga goti kidogo. “Bonjour, baba. Mulilala muzuri? Afya inaendelea?” Namuambia, wewe muke yangu ya sura ya chura, kama ulisha kupata bwana mupya, anakupiga ao anakuogopa? Anajibu, “Aksanti, baba, niko muzuri.” Anachukua sahani, anaiosha, anaenda. Jirani yangu hapa ananiambia niko na bahati, mujukuu mwenye adabu namna ile. Nilimutupia kiatu.

Ba Chanda alinitoa kazini, nilicheka. Ule Mamba alimufungia mulango, nilimutukana mpaka nikalala usingizi. Lakini huyu mutoto amenizika na pole, Mama Ilunga, na hakuna mutani hata moja kwa kaburi.

Nisalimie shemeki mwenye anasema alitengeneza paa yako, umuambie nyota ninaiona toka huku. Nisalimie mama mukwe, kama angali, na kama hayuko, ile koti yake ya buluu ni yangu. Nisalimie pasta, na huyu binti yake mwenye anasoma, sasa anaweza kukohoa.

Na umuandikie Feza. Wewe ni mukemwenzi yake, wewe atakusikia. Usimuambie anisamehe, siombi ile. Muambie siku moja tu, akipita kwa shamba, aniulize kama ningali napumua.

Mimi bwana yako, mwenye zamani alikuwa na bake babili,

Kalenga