Makofi ya Litein

Mogogosiek, 4 Machi 2025

Beverly mjukuu wangu,

Uko namna gani huko Nairobi? Sisi tuko, goti ndiyo haiko. Anayeandika ni Loice wa nyumba ya pili, na ameshanionya nisikimbie, ati kalamu yake si pikipiki.

Sasa hiyo mashine imemkataa Wilkista tena. Safari hii tulimbeba, maana miguu imefura hakuna kiatu inaingia. Figo. Hospitali wanasema bila kidole kusomwa bima haifunguki, na bima isipofunguka hawamuoshi damu. Msichana wa mashine, mpole tu, akamwambia, "Mama, huna alama za vidole." Wilkista akainua kidole. "Na hii ni nini, mkia?" Watu wote wa laini ya kungoja wakacheka. Halafu tukambeba tena nyumbani.

Unamjua Wilkista. Tulitoka kwetu ziwa pamoja, wasichana wawili na sufuria moja, tukachuna chai mpaka nywele ikageuka. Chai ndiyo ilikula hizo alama. Utomvu yake inashika kidole inakuwa nyeusi, unasugua na jiwe, kesho tena nyeusi, unasugua. Hiyo jiwe Wilkista aliniibia, mpaka leo anakataa. Loice anasema nirudi kwa njia.

Ulisema kikundi chenu kinapeleka sauti ya watu kwa wale wanatunga sheria za mitambo. Basi peleka hii. Yeye hana siku nyingi.

Ni mimi nyanya yako, Dani.

Nairobi, 9 Machi 2025

Dani wangu,

Goti usilifanyie mzaha, lipake ile dawa. Na Mama Wilkista mwambie nimecheka halafu nikalia.

Nimewasomea wenzangu barua yako. Serikali inaandaa sera mpya ya teknolojia, na imeandikwa humo kwamba kila huduma itafunguliwa kwa kidole. Sisi mashirika ya kiraia tunataka waongeze sentensi moja tu: mtu ambaye kidole chake hakisomeki, ahudumiwe kwa kitambulisho. Hospitali wameniambia hawawezi kubadilisha kitu bila hiyo sentensi.

Watu wa serikali watakuja huko kwenu Litein tarehe ishirini kusikiliza maoni. Mimi nikiongea watasema ni maneno ya mashirika ya Nairobi. Enda wewe, Dani. Eleza ya Mama Wilkista, kisha useme wazi: Hatukubali. Hilo neno lisikupotee.

Mjukuu wako,
Beverly

Mogogosiek, 23 Machi 2025

Beverly mama,

Umekula? Huku mvua, kila saa nane kama kawaida yake. Goti nimepaka.

Nilienda. Watu walijaa hiyo ukumbi, soda ilikuwa. Mgeni mkubwa akasema mambo yetu yote yatawekwa kwa wingu. Mzee Kipkosgei akauliza, "Na ikinyesha?" Wee, tulicheka! Mgeni pia alicheka, akaendelea na wingu lake.

Nikapewa kipaza sauti. Nikasalimu vizuri, wazee kwanza, halafu akina mama, halafu wageni. Nikaeleza ya Wilkista. Nikainua mikono yangu waone. Wamama wa chai wote wakainua yao, ukumbi yote vidole. Sasa nikitaka kuweka hilo neno lako, mgeni akasimama: "Mama ameongea! Mpigieni makofi kilo mbili!"

Unajua watu wa huku. Mgeni akisema makofi, unapiga, si adabu kukataa. Ilipigwa mpaka neno ikamezwa. Kunyamaza hivi, kipaza sauti iko kwa mtu mwingine.

Lakini walisikia, si walinipigia? Nilimwambia Wilkista wamesikia. Akauliza, "Uliwaambia ile ya mkia?"

Dani

Nairobi, 2 Mei 2025

Dani,

Nisamehe, sina salamu ndefu. Ripoti imetoka. Litein imepewa mstari mmoja: "Wakazi waliipokea sera kwa makofi." Sentensi yetu haimo. Nilienda ofisini kwao, wakanionyesha video. Kweli mnapiga makofi, na wewe unatabasamu. Sasa kimebaki kikao kimoja cha kamati kabla sera haijapitishwa.

Mama Wilkista anaendeleaje? Mbona simu hushiki?

Beverly wako

Mogogosiek, 14 Mei 2025

Hatukubali.

Leo nimeanza na hilo neno, salamu itakuja nyuma. Sisi tunasalimu kwanza na neno tunaweka mwisho, na hao watu wanakata mwisho. Ukienda kwa hiyo kamati anza nayo, kabla hata ya jina lako, kabla mtu akumbuke makofi.

Simu sikushika kwa sababu sikuwa na la kukuambia. Wilkista tulimrudisha ziwa Jumamosi. Mochari hakuna mtu aliuliza kidole. Walimpokea tu.

Kwa mazishi mchungaji akasema tupigie familia makofi kwa kumtunza. Wote wakapiga. Mikono yangu ilikaa kwa mapaja. Mchungaji aliniangalia, na mimi nikamwangalia.

Ile jiwe niliipata chini ya kitanda yake.

Saa hii tuko kwa chifu, mashine ya vidole imeletwa kuandikisha watu wa bima, Loice anaandikia kwa goti yake, yeye yake ni nzima. Miguu yangu pia imeanza kufura, hiyo sikutaka kukuambia. Nimelala na maziwa ya mgando kwa vidole, Chepkurui jirani alisema inarudisha alama. Inanuka tu.

"Phelis! Mama Phelis, leta kidole!"

Ni mimi wanaita. Ngoja, Loice, usifunge, sijamsalimia mtoto.

"Mama Phelis!"

Nakuja.