Droni ya Miwani na Ua wa Mwali

Kiwangwa,
Bagamoyo.
16 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Khamis,

Assalaam aleikum. Natumaini joto la Maskati halijakumaliza na goti lako limepata nafuu. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, na presha yake imetulia tangu alipoacha kusikiliza taarifa ya habari.

Barua hii naipitisha kwa Yasmini, anayerudi huko kesho. Ningekupigia, lakini simu ya nyumbani kwetu ina wasikilizaji wengi.

Uliniuliza nataka droni ya aina gani, unitumie kama zawadi ya kustaafu kwangu. Nimejaribu aina mbili, kwa hisani ya Simon, mpiga picha za harusi wa Bagamoyo mjini, mwenye vibali vyake.

Ya kwanza ni ya kamera. Unairusha huku ukitazama kwenye simu. Ukiachia rimoti inasimama hewani palepale, kama mtu aliyesahau alichofuata. Ni tulivu, na baada ya robo saa, nakiri, inachosha.

Ya pili ni ya miwani. Unavaa limiwani linaloziba nusu ya uso, na unaona kana kwamba unaruka wewe. Hiyo haisimami yenyewe, ukizubaa inaanguka. Niliiangusha mara mbili kwenye mananasi. Simon alikaa pembeni aniangalizie, maana mvaaji haoni hata miguu yake. Sijafurahi namna ile tangu tuache kuoga mtoni.

Sasa kosa langu. Jumamosi, baada ya alasiri, nilikusudia kuifuata barabara ya shambani. Kutoka juu mabati yote yanafanana. Nilipogutuka nilikuwa juu ya tangi letu la maji la bluu, nikitazama ndani ya ua ambamo binti yako Lulu amewekwa mwali, hii ni wiki ya pili.

Shangazi Mwajabu, ambaye ndiye somo wake anayemfunda, alitoka na mwiko mkononi, akanifuata nilipokaa na miwani. Nilimwambia nimeona kanga kwenye kamba, basi. Akataka aonyeshwe. Sikuwa na cha kumwonyesha, kwa kuwa sikuweka memori kadi, na ndani ya miwani ile huona mvaaji peke yake. Akasema mwanamume aliyechungulia ua wa mwali hatakaa mbele ya shehe kumwozesha. Kwa siku tatu uwakala ulionipa wa kumwozesha kwa niaba yako ulikuwa mashakani. Niliogopa, Khamis. Wewe umenyimwa ruhusa kazini ya kuja, ningekueleza nini?

Jana alinisamehe, kwa masharti. Miwani irudi kwa Simon, na kama ni lazima nirushe, nirushe ile ya simu.

"Hiyo angalau unachokiona wewe tutakiona na sisi," alisema.

Kwa hiyo nunua ya kamera, na betri mbili za akiba.

Limebaki moja. Kila ukipiga simu unauliza kama Lulu ameridhika na ndoa hii, na kila mtu anakujibu ameridhika. Hata mimi nilikujibu hivyo, bila kujua. Ukweli ni kwamba sikuona kanga tu. Wanawake walikuwa jikoni. Lulu alikuwa peke yake uani, uso umepakwa liwa, kajifunga kanga mbili, anacheza. Hapakuwa na ngoma wala redio, wala mtu wa kumtazama. Aliposikia mlio akainua macho, akacheka, akakimbilia ndani. Mpaka leo hajamwambia mtu kwamba alikuwa uani, nami sikumwambia mtu ila wewe.

Ameridhika. Sasa nakujibu kwa kujua.

Mama anakusalimu sana, pamoja na mke wangu Raya. Shangazi Mwajabu naye anakusalimu, ila huyo usije ukamsomea ukurasa huu kwenye simu. Nisalimie shemeji Sihaba na watoto.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi na akupe riziki ya kukurudisha nyumbani. Ijumaa tarehe mosi Agosti, saa kumi jioni, acha kazi kidogo, ukae chini. Mkono atakaoushika bwana harusi utakuwa wangu, lakini nitakuwa nimeutoa kwa niaba ya baba aliyeambiwa ukweli.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Majaliwa