Soksi Zako Bado Zimo Mkobani Mwangu

Dada Skola,

Shikamoo. Mkono umeandika neno hilo kabla sijakumbuka kwamba hakuna wa kuitikia. Miaka saba nimeingia masjala kila asubuhi nikikuamkia, nawe unajibu "marahaba, mtoto wa watu" bila kuinua macho kwenye rejista. Siku hizi naingia, nafungua dirisha, nakaa.

Nakaa kwenye kiti chako. Sikukiomba, bosi ndiye aliyesema kazi ziendelee. Boksi la karatasi za fotokopi ulilokuwa ukiegemezea miguu bado liko chini ya meza, na juu yake pamebonyea pale visigino vyako vilipozoea kukaa. Vyangu havifiki pale, miguu yangu ni mifupi. Mara mbili nimetaka kulitupa hilo boksi nikashindwa.

Maana na mimi navaa, Dada. Soksi za kubana. Wiki chache baada ya kukuzika mguu wangu wa kushoto ulianza kuvimba, mishipa ikachomoza nyuma ya goti. Daktari akanipima kifundo na kigimbi kwa futi kamba kama fundi cherehani, akaniandikia zilezile za rangi ya kaki. Unakumbuka tulivyokuwa tunakuita Sista kwa sababu ya rangi hiyo? "Sista Skola, leo hujarudi kwa watawa Peramiho?" Na wewe ndiye uliyekuwa unacheka kuliko sisi wote. Mimi sina wa kunicheka, kwa sababu nazificha chini ya sketi ndefu. Kwa nini nazificha, nitafika huko.

Kila ulichokuwa ukikisema nikidhani unajisemea mwenyewe, sasa nakifanya. Nazivaa kitandani kabla sijakanyaga sakafu, maana mguu ukishuka tu unajaa. Nazivuta kwa glavu za kuoshea vyombo, kucha zisije zikazitoboa. Nalainisha kila kunjo. Ukingo wa juu siukunji hata ukiwasha vipi. Ulisema ukiukunja unakuwa kamba ya kufungia kuni. Nikiwa nachapa nachezesha vidole ndani ya viatu, na miguu siikunji nne. Jioni nazifua kwa mkono, naanika kivulini.

Na nimeelewa habari ya kabati. Tulikuwa tunakunung'unikia kwa kuweka mafaili yanayoulizwa kila siku kule mwisho, karibu na dirisha, wakati yasiyoguswa yako mezani. Kumbe ulikuwa unajitengenezea safari! Watu walipotoka kukuzika waliyahamisha yote wakayaleta karibu, wakasema sasa masjala imepangika. Juzi nimeyarudisha kule mbali, moja moja. Kila mtu akiuliza faili nainuka, natembea, narudi. Mchana wa joto hili la kabla ya mvua mguu unatulia kabisa. Nakaa vizuri, Dada. Nakaa vizuri sana kwa maarifa yako, na nikikumbuka hilo natamani kulia hapa hapa mbele ya watu.

Sasa nikuambie la Namasakata, ingawa ulikuwepo.

Tulipokwenda kule kijijini kumzika mama yake Hamisi, dereva wetu, wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka barazani, miguu mitupu, khanga hadi vifundoni. Wewe ukaingia na soksi zako. Niliona wale akina mama wanatazama miguu yako halafu wanatazamana. Hawakusema kitu. Mimi ndiye niliyesema. Nilikuinamia sikioni: "Zivue, Dada, tuko msibani, watasema watu wa ofisini tunajidai." Ulinitazama kidogo. Ukasema, "Haya, tusiwaaibishe wenyeji." Ukazivua, ukazikunja, ukanipa nikazitia mkobani. Siku tatu mpaka hitima ulikaa kwenye ule mkeka umekunja miguu, kwenye joto la kule, kwa sababu mimi niliona aibu. Aibu haikuwa yako hata kidogo.

Siku ya kurudi ulisema mguu unakuvuta. "Ni mkeka tu huu," ukasema. Garini ukaupandisha mapajani kwangu, juu ya mkoba. Tulipofika Namtumbo, njiani, nilizikumbuka soksi, Dada. Zilikuwa chini ya mguu wako palepale. Lakini ulikuwa umesinzia, nikasema moyoni nitakupa Jumatatu.

Jumatatu ulianguka mbele ya kabati, faili mkononi.

Daktari aliwaambia ndugu zako kwamba damu iliganda mguuni ikapanda kwenye mapafu. Wakasikiliza, wakashukuru. Walipofika nje wakaulizana: na nani aliyeigandisha? Tangu hapo jibu likawa moja. Skola alitembea miguu mitupu Namasakata. Skola alikanyaga kitu. Na msiba ulikuwa kwa nani? Kwa Hamisi.

Hamisi wako huyo, aliyekuwa anakuletea korosho za kwao ukamwambia atakunenepesha. Alikuja kwenye mazishi yako akasimama nyuma, peke yake. Chai ya saa nne anakunywa ndani ya gari. Mpishi wetu anamwekea kikombe chake pembeni. Wakimpa safari, watu wa kwenda naye wanakumbuka ghafla kwamba wana wageni nyumbani. Na mimi nilikuwa nanyamaza. Nilijiambia maneno ya watu yatapita.

Halafu mguu wangu ukavimba. Siku moja nilichechemea mlangoni, nikasikia nyuma yangu: "Na huyu pia alikuwa kule." Unaona? Nimekuwa ushahidi. Mguu wangu mwenyewe unamsulubisha mtu asiye na kosa, nami nimevuta sketi chini na kunyamaza, kwa sababu wakiona soksi wataniuliza, na wakiniuliza nitaanzia wapi?

Nilimuuliza daktari kama ungezivaa ungekuwepo. Akasema hawezi kuapa, zinasaidia lakini mguu wako ulikuwa na yake, na pengine ingetokea hata ungekaa nyumbani. Alitaka kunituliza. Lakini "pengine" ni neno baya sana kulala nalo. Sina amani. Nimekwenda kuungama, padri amenisamehe, nimetoka nje jua linawaka vilevile na wewe hupo. Nimemtembelea mama yako mara mbili nikiwa nimelishika neno mdomoni, naye akanishika mikono akasema, "Wewe ndiye mtoto wa Skola." Nikarudi nalo. Sijui nimeumbwa kwa kitu gani.

Juzi Hamisi ameomba uhamisho. Alipitisha barua masjala kama kawaida, mimi ndiye niliyeigonga muhuri. Aliandika sababu za kifamilia. Alisimama pale dirishani akaniuliza kwa upole, "Mguu unaendeleaje, dada Imelda?" Akaongeza, "Nakuombea dua." Dada, nilivuta sketi chini. Kesho kwenye chai wanamuaga, au tuseme wanakunywa chai huku yeye anaondoka.

Bosi amekwisha kumkubalia kwa mdomo, lakini barua yenyewe bado sijampelekea. Iko hapa chini ya rejista.

Soksi zako sijazifua. Zimo kwenye mkoba uleule, zimekunjwa kama ulivyozikunja, na kwenye kisigino bado zina umbo la mguu wako. Sijui utaniona vipi. Mimi mwenyewe sijioni vizuri. Sidhani kama Hamisi atabaki nikisema, watu hawarudi nyuma kirahisi hivyo, na mama yako labda hatanishika mikono tena. Na hata wakinisamehe wote, hakuna atakayeitikia shikamoo yangu asubuhi.

Lakini nakuahidi hili. Kesho navaa gauni langu la magotini, soksi zionekane kuanzia getini. Saa nne namwita Hamisi aingie ndani, akae kwenye kiti chako. Halafu naziweka zako mezani katikati ya vikombe, na nasema ni nani aliyekuambia uzivue.

Pumzika, Dada. Miguu yako sasa hakuna wa kuikunja.

Mdogo wako,
Imelda