Riziki Watatu Ndani ya Mashine

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Nimefika biro, ofisini kwetu, saa mbili kasoro. Tope la Kadutu hadi ndani ya soksi. Nimefagia, nimefungua dirisha, nimeteleka maji ya chai. Ndipo nikaona mashine, kompyuta yetu ya kupakata, inajiendesha peke yake. Duara linazunguka. Chini yake: usizime.

Direkteri ndiye aliyebonyeza. Wiki tatu mashine inaomba mise à jour, eti ivae mfumo mpya. Wiki tatu ninaijibu "baadaye". Batri yake ilikufa zamani, na umeme wa huku kila mtu anaujua. Leo direkteri amekuja mapema kuchapa mialiko ya ndoa ya binti yake. Mashine ikaomba, akakubali. Hakusoma hata mstari mmoja.

Saa sita kasoro dakika chache: asilimia sitini na moja. Kisha umeme ukakatika. Kioo cheusi.

"Itajirekebisha," amesema direkteri, akaenda kula.

Tuna mashine moja tu. Ndani yake mna watoto wote waliopotezana na wazazi wao njiani, watu walipokuwa wanakimbia vita. Picha, jina, mahali alipookotwa, familia inayomlea. Kazi ya miaka minne. Na mtu anaichezea kama redio ya jikoni.

Kinyaa. Sina neno lingine.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Umeme umerudi. Mashine haikurudi.

Ukurasa wa bluu, mtupu. Unadai kode ya tarakimu arobaini na nane. Mimi sijawahi kupewa kode kama hiyo. Nimezima, nimewasha. Nimechomoa emprimante ya kuchapia, nimechomoa kipanya, nimesubiri dakika kumi kwa saa ya ukutani. Bluu. Nimewasha huku nimeshikilia kidole kwenye kitufe cha F8, jinsi nilivyoonyeshwa zamani. Bluu. Nimeingiza tarehe ya kuzaliwa ya direkteri mara nane mfululizo, kwa hasira tu. Upuuzi. Bluu ile ile, kama ya sinki la hospitali.

Asubuhi nzima nimewaambia watu warudi kesho. Babu mmoja ameniuliza kama mashine inaumwa. Nimemjibu ndiyo.

Aliyeiandaa mashine hii siku ya kwanza ni Papa Déo, tulipokuwa naye kazini. Sitaki kuandika habari zake leo.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Amekuja mama mmoja kutoka Bunyakiri. Anaitwa Maman Furaha. Siku mbili njiani, kwa pikipiki, kwa miguu, juu ya lori la mbao. Viatu vyake si pea moja. Amekaa kwenye benchi akaweka mikono juu ya magoti kama mtu aliye kanisani.

"Banasema mutoto wangu iko kwenu," ameniambia. "Anaitwa Riziki. Sasa ana miaka saba."

Miaka miwili anamtafuta.

Riziki tunao watatu. Nakumbuka majina, sikumbuki nyuso. Na hata ningekumbuka uso, nani anamlea sasa? Familia zinahama, watoto wanahamishwa nazo. Yote iko kwenye mashine. Siwezi kumpeleka mama huyu mlango hadi mlango akatazame watoto wa watu. Nilishaona mama akionyeshwa mtoto asiye wake. Sitaki kuona tena.

Nimemwambia arudi kesho. Amesema sawa. Amelala parokiani.

Baada ya hapo nimekumbuka fishi za zamani, zile kadi za watoto za karatasi. Kabati tupu. Nimesimama mbele yake kama mjinga, kisha ikanirudia: mwezi wa sita direkteri alisema karatasi zinaleta panya, kila kitu kimo mashineni. Kartoni nne akampa mama anayeuza mikate getini, afungie mikate yake. Aliyezibeba hadi getini ni mimi. Mikono yangu mwenyewe.

Nimeshuka kwenda kumwona. Zimeisha, amesema, zimebaki chache chini ya beseni. Amenipa. Karatasi zimelowa mafuta hadi unaona upande wa pili. Kwenye moja nimesoma "mvulana, takriban miaka mitatu, hajui jina la baba". Juu yake duara la mkate.

Nimezianika juani, kisha nimezirudisha kabatini.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Direkteri ameita teknisiani. Kijana wa manukato mengi na funguo nyingi kiunoni. Ametazama ukurasa wa bluu kwa muda wa kunywa chai nusu kikombe.

"Hii iko bloqué, imejifunga, Papa Direkteri. Dawa ni moja: tufute yote, tuweke mfumo mupya. Kesho asubui inatembea."

Nimeuliza watoto wataenda wapi. Amesema data, si watoto. Direkteri amesema tutaanza upya polepole, watu watarudi kutupa majina. Watu gani? Mtoto wa miaka mitatu atarudi kutupa jina la baba yake? Kisha akamuuliza kijana kama emprimante itafanya kazi kesho, maana mialiko inachelewa. Mbele yangu. Maman Furaha akiwa kwenye benchi, hatua tano tu, anasikia kila kitu.

Wamepatana: kesho saa nne wanafuta.

Basi niandike habari za Papa Déo.

Mwaka jana modem ya biro, ile ya intaneti, ilipotea. Direkteri alisema Déo ameiba. Alisimama mbele ya comité, kamati inayosimamia biro, akasema hivyo bila kupepesa macho. Déo alifukuzwa. Modem aliichukua direkteri mwenyewe, akaipeleka nyumbani kwake. Nilimwona kupitia dirishani anaitia ndani ya gari, chini ya koti. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na mume aliye kaburini. Nilinyamaza. Comité iliniuliza kama nina la kusema, nikasema hapana.

Ninaandika hili kwa mara ya kwanza. Linanuka hata kwenye karatasi.

Saa nane direkteri alipotoka nimefunga mashine ndani ya kitenge, nikaiweka kwenye kikapu, juu yake mafungu mawili ya sombe, majani ya muhogo. Nimepanda taxi-bus hadi Bagira. Nilijiona mwizi. Angalau safari hii ni mimi kweli.

Déo alikuwa shambani nyuma ya nyumba, anapalilia viazi vitamu. Amekonda. Hakuniuliza nimefuata nini baada ya mwaka mzima. Amenawa mikono, ametazama mashine, nimemweleza ukurasa wa bluu, ametikisa kichwa.

"Walikata umeme katikati?"

"Ndiyo."

"Ni kwa ajili ya nani?"

"Mama mumoja wa Bunyakiri."

Amechukua telefone yake. Wakati ule wa kuandaa mashine direkteri alikataa kufungua akaunti ya mashine, akasema ni mambo ya kitoto, kwa hiyo Déo alifungua kwa jina lake. Kode imekaa humo muda wote. Wamemfukuza, na ufunguo wa watoto wote ukabaki mfukoni mwake, na hakuna aliyejali. Amenisomea tarakimu sita sita. Kwake hakuna umeme, basi nimeandika kwa kalamu ya bic kwenye daftari hili, ukurasa wa mwisho. Amenifanya nizisome tena. Mara mbili.

Hakutaka chochote. Hakusema neno juu ya modem. Na mimi pia sikusema. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nikasema "Aksanti, Papa Déo", nikainua kikapu changu.

Najichukia leo kuliko direkteri.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Saa mbili nimefika biro. Umeme upo. Nimeingiza tarakimu moja moja. Sita, sita, sita, mara nane. Ukurasa wa bluu umeondoka. Duara limezunguka karibu saa nzima. Ikaandika kwamba mise à jour imeshindikana, inarudisha mfumo wa zamani. Irudishe! Kisha likatokea jina langu na mahali pa kuandika neno la siri.

Nimeandika. Imekataa. Nimeandika polepole. Imekataa. Mara ya tatu, imekataa.

Direkteri ameingia wakati huo na yule kijana wa manukato. Ameona kikapu chini ya meza, ameona kitenge. Ameelewa.

"Maman Nabintu, uliibeba nyumbani?"

"Nilibeba."

"Tosha sasa. Ondoka apo, tuifute."

Sikuondoka. Nimeshika meza kwa mikono miwili. Miaka tisa ninafanya kazi chini ya mtu huyu na sijawahi kumjibu hapana. Nimesema hapana. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka. Kijana ametazama dari. Maman Furaha ameinuka kutoka kwenye benchi lake.

Pembeni ya yale madoa meusi ya neno la siri kuna alama ya jicho. Nimeibonyeza ili nione ninachoandika. Neno langu ni kahawa. Kwenye kioo imeandikwa: kqhqzq.

Klaviye! Vitufe vyetu vya herufi vimepangwa kwa Kifaransa; katika vurugu zake mashine imeweka klaviye ya Waingereza. Nabonyeza A, yenyewe inaandika Q. Nabonyeza W, inaandika Z. Siku nne za kinyaa, na mwisho wake ni herufi zilizobadilishana viti. Nimezitafuta kwa kidole mahali zilipojificha. Imefunguka.

"Munaona?" amesema direkteri. "Nilisema itajirekebisha."

Nimemtazama hadi akatazama pembeni. Kisha akauliza kama mashine inaiona emprimante.

Nimemwita Maman Furaha akae kwenye kiti changu. Riziki wa kwanza. Akatikisa kichwa. Riziki wa pili. Ameangalia sana, amesogeza uso hadi karibu na kioo. "Hapana. Haiko yeye." Nilitamani mashine izime. Nimefungua wa tatu.

Ameweka kidole kwenye kioo, kwenye sikio la mtoto, penye ncha iliyokatika. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Njo yeye, ni yeye. Kuku ilimudonoa akiwa mudogo."

Familia inayomlea inakaa hapa hapa Kadutu, chini ya soko. Mama huyu amepita mlango huo asubuhi tatu mfululizo akija kwetu.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Nimempeleka. Njia ya mawe, mvua ya jana bado inateremka katikati. Nilikuwa nimemwarifu mama mlezi tangu jana jioni. Alikuwa amemvalisha mtoto gauni la Jumapili, na macho yake mwenyewe yamevimba.

Riziki amejificha nyuma ya huyo mama mlezi. Maman Furaha amemwita kwa jina. Hakuja. Amemwita kwa jina la nyumbani. Mtoto ameng'ang'ania kitenge cha mlezi wake, ametazama ukuta.

Nilifikiri Maman Furaha atalia, atamvuta. Hakufanya hivyo. Ameketi kwenye kizingiti, miguu nje, akaanza kuzungumza nasi mambo ya bei ya mafuta ya mawese na barabara ya Hombo. Muda mrefu. Hata mimi nilichoka kukaa.

Kisha mtoto ameingia ndani, ametoka na kikombe cha maji. Amempa kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo. Kama anavyopewa mgeni.

Maman Furaha ameyanywa yote. Amerudisha kikombe, akasema aksanti. Mtoto ameketi kando yake, nafasi ya mtu mmoja katikati.

Maman Furaha atakaa nao wiki mbili tatu kabla ya kurudi Bunyakiri. Mlezi ndiye aliyependekeza. Wamepatana wenyewe, mimi sikuongeza neno.

Mchana nimerudi biro peke yangu. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili, nimeanza kunakili majina kwa mkono. Thelathini na nne leo. Vidole vimekufa ganzi. Kwenye meza ya direkteri kuna rundo la mialiko, imechapwa vizuri, ina maua ya dhahabu. Nimeona na mmoja wenye jina langu. Nimeuacha hapo hapo.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Misa ya kwanza. Kisha taxi-bus ya Bagira.

Papa Déo na mke wake walikuwa uani, wanachagua maharagwe kwenye lungo. Nimesimama mbele yao, nimesema. Kwamba niliona modem ikiingia kwenye gari. Kwamba nilinyamaza kwa sababu ya mkate wa watoto wangu. Kwamba Alhamisi nilikuja nikachukua kode nikanyamaza tena. Sikusema vizuri. Nilichanganya mambo, nilirudi nyuma mara mbili.

Hakuinua macho. Ametoa jiwe, amelitupa pembeni.

"Nilijua, Maman. Nilikuona ku dirisha."

Mwaka mzima alijua. Na Alhamisi alinisomea tarakimu zote, akanifanya nizirudie ili nisikosee.

Nimemwambia kwamba Jumanne comité inakutana, nami nitasema mbele ya direkteri mwenyewe.

"Sema," amejibu. Basi. Hakusema haidhuru. Sikutegemea aseme.

Mke wake amenisogezea kigoda. Nimekaa, nimevuta sehemu ya maharagwe upande wangu. Tumechagua sote watatu. Mvua ilipoanza tumeingiza lungo ndani, kisha nikarudi nyumbani.